Macho mazima ila haangalii: jinsi ya kupima uoni wa mtoto mwenye shida ya ubongo ukiwa nyumbani

Wazazi wengi wa huku kwetu, kuanzia Kyela mpaka Mafinga, wanapita njia ileile. Mtoto ana miezi sita saba, hakuangalii usoni, hafuati kitu, mnaenda kliniki ya macho, dokta anamulika anasema macho mazima, basi mnarudi nyumbani na swali lenu lilelile. Bibi anasema huyu haoni. Baba anasema anaona bwana, jana si kamfuata kuku kwa macho? Mama yuko katikati. Na uwezekano mkubwa bibi na baba wote wako sawa, maana kuna uoni unaokuja na kuondoka kutegemea saa, mahali na kitu chenyewe. Ndo maana swali la "anaona au haoni" halitakufikisha popote. Swali ni anaona nini, wapi, saa ngapi, na kukiwa na nini pembeni yake. Hilo unaweza kulipima mwenyewe, hapohapo sebuleni, kwa kikombe na kipande cha kitambaa.

Kwanza ujue shida iko wapi. Jicho linapokea mwanga tu, kazi ya kujua huu ni uso wa mama na hiki ni kijiko inafanyika kwenye ubongo, sehemu kubwa ikianzia huku kisogoni. Dishi linaweza kuwa zima kabisa juu ya bati na picha isitoke kwa sababu waya umeliwa na panya njiani. Wataalamu wanaita hali hii CVI, yaani ulemavu wa kuona unaotokana na ubongo, na mara nyingi inaenda pamoja na mtindio wa ubongo au kifafa. Sababu zake ni zilezile tunazozisikia kila siku wodini: mtoto alichelewa kulia akakosa hewa, alizaliwa njiti, sukari ilishuka sana siku za mwanzo, manjano yalipanda mpaka yakafika kwenye ubongo, homa ya uti wa mgongo, malaria ya kichwani (hii kwa watu wa Kyela na kule bondeni wanaijua vizuri), degedege la muda mrefu, kichwa kujaa maji, au ajali ya kichwa.

Hatua ya 1: Macho yakaguliwe kwanza, usiruke hapa

Kupima nyumbani hakuchukui nafasi ya kliniki ya macho. Mtoto anaweza kuwa na CVI na bado akahitaji miwani, au ana makengeza, au mtoto wa jicho, au kama ni njiti retina yake ilipata shida. Vyote vinaweza kukaa kwa mtoto mmoja. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya wana kliniki ya macho, watu wa Iringa anzieni rufaa ya mkoa, na kukiwa na haja ya kwenda mbali zaidi kuna hospitali za CCBRT Dar na KCMC Moshi. Mwambie dokta wazi kwamba unataka apime kama anahitaji miwani na aangalie ndani nyuma ya jicho, usiishie kumulikwa tochi. Na kama kwenye picha za simu mboni ya jicho moja inatoka nyeupe wakati nyingine inatoka nyekundu au nyeusi, hapo usisubiri hata wiki, inaweza kuwa saratani ya jicho la watoto na inatibika vizuri zaidi ikiwahiwa.

Hatua ya 2: Kusanya historia

Kadi ya kliniki, karatasi ya kuruhusiwa wodini, majina ya dawa. Andika alizaliwa na wiki ngapi, kilo ngapi, alilia saa ileile au baada ya muda, alilazwa lini na kwa nini, degedege lilianza lini. Muulize na aliyekuwepo siku ya kujifungua, mara nyingi shangazi au bibi ndo anakumbuka, mama mwenyewe siku ile alikuwa na mambo yake.

Hatua ya 3: Kaa uangalie tu, bila kumpima

Watu wanarukia kutikisa vitu mbele ya uso wa mtoto. Tulia kwanza. Kwa siku kadhaa angalia anafanya nini mwenyewe wakati hakuna anayemsumbua.

Anakodolea dirisha au taa? Wengi wenye CVI wanavutwa na mwanga mpaka wanausahau uso wako, wengine ni kinyume chake, ukimtoa nje jua la saa sita anafumba na kulia. Anashtuliwa na vitu vinavyotembea, majani ya mgomba yakipigwa upepo, kuku, pazia, lakini toi lililowekwa kimya mapajani halioni? Hii ya mwendo haijaanza leo. Mwaka 1917 daktari Mwingereza, George Riddoch, aliandika kuhusu askari waliopigwa risasi kisogoni kwenye vita ya kwanza ya dunia, ambao upande uliopofuka hawakuona kitu kilichosimama ila kikitembea wanakijua. Ubongo una njia zaidi ya moja za kuona, na ya mwendo inaweza kubaki wakati nyingine zimeharibika.

Angalia pia akitaka kushika kitu: anakiangalia, halafu anageuza uso pembeni, halafu ndo mkono unaenda? Watu wanasema mtoto ana dharau. Hapana, kuangalia na kushika kwa wakati mmoja kunamshinda, anafanya kimoja kimoja. Kwa aliyeanza kutembea, angalia kizingiti na ngazi, kama anapapasa kwa mguu au anajikwaa kila siku palepale inawezekana sehemu ya chini ya uoni wake haipo, na hii inatokea sana kwa waliozaliwa njiti. Kwenye sahani je, anamaliza upande mmoja anasema nimeshiba, ukiizungusha sahani anaanza kula upya?

Halafu jaribio moja ambalo mama wengi linawaumiza kidogo. Ingia chumbani kimya kabisa, vua bangili, usiongee, na kama una mafuta yako yenye harufu anayoijua basi fanya kabla hujapaka. Simama pale anapoweza kukuona. Kama anatulia tu, halafu ukisema "mwanangu" anachangamka uso mzima, ina maana anakujua kwa sauti zaidi kuliko kwa sura. Mama usichukulie vibaya. Uso wa mtu ni kitu kigumu sana kwa ubongo wa namna hii, una macho, mdomo, nywele, kilemba, vyote vinacheza kwa wakati mmoja na bado vinatoa sauti. Wengine hapa ndo wanaandikiwa usonji moja kwa moja kwa sababu hawamuangalii mtu, na kweli vinaweza kwenda pamoja, ila kwanza hakikisha uoni umepimwa.

Hatua ya 4: Andaa mahali, mwili na saa

Hapa ndo kazi yote ilipo, na ndo watu wanapapita haraka.

Saa: mtoto ameshakula, ameshalala, hana homa, hajapata degedege siku hiyo. Kama anatumia dawa za kifafa angalia ni muda gani zinamlegeza, upime nje ya huo muda. Dawa usiiache wala kuichelewesha ili upate majibu mazuri, hilo hapana kabisa.

Mwili: mtoto ambaye shingo haijakaza anatumia nguvu zake zote kushika kichwa, hana akiba ya kuangalia. Mpakate akiegemea kifua chako, au mlaze ubavu, au kama ana kiti chake maalumu mkalishe kichwa kikiwa kimeshikwa. Na hii ya baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, jamani, mtoto amevalishwa kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, juu yake blanketi, halafu tunaandika kwenye ripoti haangalii juu. Kunja hiyo kofia kwanza.

Sauti: zima redio, zima tivii, waombe watoto wengine wakacheze nje. Ubongo wake ukisikiliza mara nyingi unaacha kuangalia. Na wewe mwenyewe nyamaza, najua ni ngumu, mtu anatikisa kikombe huku anasema "angalia, angalia baba, kile pale, umeona?" na mtoto anasikiliza wimbo wako tu.

Nyuma ya kitu: nyumba zetu zina rangi nyingi. Mama amevaa kitenge cha maua, mkeka una rangi nne, kitambaa cha kochi kimefumwa, ukutani kalenda, halafu katikati ya hiyo fujo yote unainua kikombe. Kwa ubongo ulio mzima hicho ni kikombe. Kwake yeye ni rangi zimevurugika. Tafuta kaniki au shuka jeusi lisilo na mchoro, litundike au ulitandike, na wewe vaa kitu cha rangi moja iliyokolea, fulana nyeusi inatosha. Jikoni kwenye giza na moshi usipimie. Mkalishe mgongo ukielekea dirishani ili mwanga uangukie kwenye kitu, usimchome machoni.

Hatua ya 5: Pima, ukibadilisha kitu kimoja kimoja

Chagua kitu kimoja, rangi moja, anachokijua. Mara nyingi nyekundu au njano zinafanya kazi kuliko nyingine, ila sio sheria, kama mtoto wako anapenda kikombe cha bluu anachonywea uji kila siku basi anza na hicho. Kisiwe na kengele wala kuchakacha. Mapambo ya Krismasi yale ya kumetameta ni mazuri sana kwa watoto ambao uoni wao uko chini kabisa, kwa sababu yanarudisha mwanga na yanaonekana kama yanatembea, sokoni Mwanjelwa, Mbeya, unapata kwa bei ndogo hasa Januari wakati hakuna anayeyataka.

Kiweke kama futi moja na nusu kutoka usoni, upande mmoja, kimya, kisitikisike. Kisha subiri. Narudia, subiri. Mtoto wa kawaida anageuka papo hapo, huyu anaweza kuchukua sekunde kumi, ishirini, wengine hata dakika nzima kabla ubongo haujapata habari. Wapimaji wengi wanatoa kitu sekunde ya tano wanaandika "hakuna", na sekunde ya nane mtoto anageuka kukuta hewa.

Atakuonyesha vipi kwamba amekiona? Usitegemee ageuze kichwa tu. Pumzi inasimama kidogo, miguu iliyokuwa inacheza inatulia, mdomo unafunguka, anapepesa, macho yanapita juu ya kitu yanaondoka yanarudi. Kutulia ghafla kwa mtoto ambaye hatulii ni jibu.

Kama hakuna kitu, kitikise taratibu na usubiri tena. Ukipata jibu upande wa kulia jaribu kushoto, juu, chini, katikati. Halafu sogeza mbali, mkono mmoja, hatua mbili, mwisho wa chumba. Halafu mulika tochi kwenye kitu (machoni kamwe usimulike, na taa za kuwakawaka usitumie kwa mtoto mwenye kifafa). Halafu weka vitu viwili badala ya kimoja, vitatu, kisha toa kaniki uweke kitenge cha maua. Halafu washa redio. Halafu leta kikombe kigeni cha rangi ileile. Kila mara unabadilisha jambo moja tu, ukibadilisha mawili hutajua lipi limemshinda. Na sio siku moja jamani, vitu vitatu vinne kwa kikao, akianza kupiga miayo, kulia au kufumba macho mmemaliza, pumzikeni.

Kuna kipimo kidogo cha kupepesa. Mguse taratibu hapa juu ya pua katikati ya macho uone kama anapepesa, halafu leta kiganja kuelekea usoni bila kumgusa uone kama anapepesa kabla hakijafika. Kwa cha pili uwe makini, upepo wa mkono unamfikia na utadhani ameona. Vidole vipanuke, mkono uende polepole. Na ujue watoto wadogo wa miezi ya mwanzo hawapepesi mkono ukija hata kama ni wazima, kwa hiyo hapo usitoe hukumu.

Simu nayo, kila mtu ananiuliza simu. Ndiyo, skrini inavuta wengi kwa sababu kitu kinawaka na nyuma yake ni giza. Ila ukiandika andika "aliangalia kitu kinachowaka", usiandike "anaona vizuri picha".

Hatua ya 6: Andika siku hiyohiyo

Daftari la kaunta linatosha. Mfano:

*Jumanne saa nne asubuhi, ameshakunywa uji. Sebuleni, redio imezimwa, kaniki nyuma. Kikombe chekundu, kushoto, futi moja na nusu. Kimetulia: hakuna. Kimetikiswa: baada ya kama sekunde 15 amegeuka, ameangalia sekunde 3, ameacha. Kulia: hakuna.*

*Saa kumi jioni, wageni wapo. Kikombe kilekile, kushoto, kimetikiswa: hakuna.*

Ukiwa na kurasa chache za hivyo umeshajua mengi kuliko neno "haoni". Hapo unaona upande wa kushoto unafanya kazi, mwendo unasaidia, kelele zinazima kila kitu. Chukua na klipu fupi ya simu, uso wa mtoto na kitu vionekane vyote, mtaalamu atafurahi.

Kuna vipimo rasmi vya hii kazi. Kinachosikika zaidi ni cha Mmarekani Christine Roman-Lantzy, anaangalia tabia kumi, rangi, mwendo, kuchelewa kujibu, pande za uoni, fujo ya vitu, mwanga, umbali, kupepesa, vitu vigeni na kushika huku anaangalia, halafu mtoto anawekwa kwenye kipimo cha 0 mpaka 10 na ngazi tatu. Ni cha mtu aliyesomea, wewe usijipe kazi ya kutoa namba. Ila ukitazama utaona hapo juu tumepitia mambo yaleyale karibu yote.

Hatua ya 7: Yageuze kuwa maisha ya kila siku

Sasa kwa nini tunahangaika. Ubongo wa mtoto unajijenga kwa kutumika, viunganishi vinavyotumika vinaimarika na visivyotumika vinapunguzwa. Watafiti David Hubel na Torsten Wiesel, waliopewa tuzo ya Nobel mwaka 1981, walifunika jicho moja la paka wadogo, walipolifungua jicho lilikuwa zima lakini ubongo ulikuwa haujajifunza kulitumia. Kwa hiyo miaka ya mwanzo ina uzito wake na "subiri atakua" ni ushauri mbaya. Upande wa pili, usije ukasema mwanangu ana miaka tisa basi imeshapita. Kule India mtafiti Pawan Sinha na wenzake wamefuatilia watoto waliokaa miaka na mtoto wa jicho tangu wadogo, wakafanyiwa upasuaji wakiwa wakubwa, na wengi wakajifunza kuona kwa kiasi chao. Kiasi chao, nasisitiza. Sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi, kinachobadilika ni namna zilizobaki zinavyoshirikiana, na hakuna tone la dawa ya macho, mafuta wala kombe la mtu yeyote litakaloharakisha.

Usitenge "saa ya mazoezi". Tumia kuoga, kula na kuvaa, maana vipo kila siku na vina maana kwake. Kikombe kilekile chekundu kila mlo: kinawekwa upande unaofanya kazi, kinatikiswa kidogo, unanyamaza, anaangalia, ndipo unasema "kikombe" na anakunywa. Kuona kumezaa uji. Ubongo unakumbuka kilicho na faida. Akishakizoea, badilisha jambo moja, labda kikae bila kutikiswa.

Mlo wenyewe: ugali mweupe kwenye sahani nyeupe yenye maua kwenye ukingo hauonekani, na wali ni hivohivo. Sahani ya rangi moja iliyokolea, basi. Ukingo wa ngazi na kizingiti upige rangi ya njano au nyeupe. Vitu vyake vikae palepale siku zote, usihamishe kitanda kila Jumamosi.

Mwalimu darasani, mtoto wa hivi anaweza kusoma neno moja vizuri na akashindwa ukurasa. Kata dirisha dogo kwenye manila, liwe linaonyesha mstari mmoja tu. Mkalishe mbele, upande uendane na daftari la mzazi, ubaoni punguza vitu, na umuongezee muda. Kuna wanaoitwa wavivu kwa sababu asubuhi wanaweza na mchana hawawezi, wakati wamechoka tu, kuona kwao ni kazi nzito. Mapema kabisa muoneni afisa elimu maalumu wa halmashauri, maana mtahiniwa mwenye uoni hafifu akishatambuliwa anapewa maandishi yaliyokuzwa na muda wa ziada kwenye mitihani ya taifa, na hilo haliandaliwi wiki ya mtihani.

Hatua ya 8: Rudia kupima

Kila baada ya miezi mitatu minne, kitu kilekile, mahali palepale, ulinganishe kurasa. Mabadiliko huwa madogo, sekunde 15 zinakuwa 6, futi moja na nusu inakuwa hatua mbili. Akishuka ghafla, alikuwa anaangalia na sasa haangalii, usiseme amechoka, mpeleke hospitali. Vilevile mpeleke haraka kichwa kikikua kwa kasi au akitapika mfululizo bila sababu, na kama anajikunja kwa mishtuko midogomidogo mfululizo, mikono ikiruka, hasa akitoka kuamka. Wengi wanadhani hilo ni tumbo. Ni aina ya kifafa inayoharibu ubongo unaojijenga, kila siku ina hasara, mchukue klipu na uende nayo siku hiyo.

Siku ya kliniki beba daftari, kadi, hizo klipu na dawa zikiwa kwenye pakiti zake, maana majina ya dawa huwa yanapotea ukishafika mbele ya dokta. Nenda na kikombe chekundu pia. Chumba cha dokta ni kigeni, kina kelele na mtoto ametoka kubanwa kwenye daladala tangu Tukuyu, bila kikombe chake anaweza asionyeshe chochote.